Kabla hujaituma kazi ya Spark, kagua maktaba zake

Anayepanda boti Malindi, Unguja, kwenda Mkoani, Pemba, huhakikisha mzigo wake umo kabla kamba haijafunguliwa. Kazi ya Apache Spark, programu ya kuchakata data nyingi kwa mashine nyingi pamoja, nayo ina safari: unaiandika kwenye laptopu yako hapa Mjini, kisha inakwenda kuendeshwa kwenye mashine nyingi usizoziona. Mzigo wake ni maktaba, yaani vifurushi vya msimbo ulioandikwa na wengine ambavyo kazi hiyo inavitegemea. Tuliwahi kupoteza usiku mzima na kazi ya kuhesabu miamala ya simu. Kwenye laptopu ilikwenda vizuri kabisa. Ilipofika kwenye klasta, yaani kundi la mashine hizo, ikafa dakika ya kwanza.

Zito kuliko yote ni kujua matoleo yaliyoko huko inakokwenda. Endesha spark-submit --version kwenye klasta yenyewe (spark-submit ndiyo amri ya kuituma kazi), utaonyeshwa toleo la Spark, na la Scala na Java, lugha za programu ambazo Spark inazitegemea. Spark 4.0, iliyotoka mwaka 2025, inatumia Scala 2.13 tu na inataka Java 17 au zaidi, ilhali klasta nyingi za Spark 3 bado zina Scala 2.12. Maktaba ya 2.12 haipatani na 2.13, kwa hiyo tazama mkia wa jina la kila kifurushi: _2.12 au _2.13.

Jifunze pia kuyasoma makosa mapema. ClassNotFoundException maana yake mzigo haukufika. NoSuchMethodError ni gumu zaidi: mzigo umefika, lakini toleo jingine la maktaba hiyo hiyo limetangulia. Guava, maktaba ya Java kutoka Google, ndiyo inayotusumbua sana, kwani Hadoop, mfumo wa kuhifadhi na kuchakata data unaotumika sana pamoja na Spark, huja na yake ya zamani, na Java huchukua ile inayoikuta mwanzo. Endesha mvn dependency:tree, amri ya Maven, chombo cha kujengea programu za Java, uone nani ameileta. Ikibidi uwe na yako, ibadilishe jina la ndani kwa Maven Shade. Ipo mipangilio ya userClassPathFirst, inayotanguliza maktaba zako, lakini bado ni ya majaribio, nami siishauri iwe dawa ya kwanza. Spark na Hadoop zenyewe usizifungashe. Ziandike provided, zimo kule tayari.

Wanaotumia Python wasidhani kuwa pandas, maktaba ya kuchambua data, iliyowekwa kwenye laptopu itajipeleka yenyewe. Ukiwa na Python 3.11 na mashine za kule zina 3.10, Spark hukataa. Fungasha mazingira yako yote, pamoja na Python yenyewe, kwa conda-pack, uyapeleke kwa chaguo la --archives la spark-submit.

Halafu kuna intaneti. Chaguo la --packages hushusha maktaba pale pale unapoituma kazi. Mtandao ukikatika nawe uko Chake Chake, umekwama. Zishushe mchana, uziweke pamoja, utumie --jars.

Mwisho, jaribio la local[*], yaani la kwenye laptopu yako peke yake, lisikutulize, kwani hapo kila kitu huendeshwa ndani ya programu moja. Chukua mistari 100 ya data, uipeleke kwenye klasta yenyewe saa tisa alasiri, wakati wenzako bado wapo ofisini.