Kusoma hoteli nje ukitokea Dodoma: anza na kibali cha kazi, chuo kitafuata

Wanaoniuliza kuhusu kusoma usimamizi wa hoteli nje huanza na chuo: kipi kina jina, kipi kina ada nafuu. Chuo ni swali la tatu. La kwanza ni kama unaiweza kazi yenyewe, la pili ni nchi gani itakuruhusu kubaki kazini ukishahitimu. Niko kwenye hoteli za nje, upande wa mapokezi, na nimeona wenye vyeti vya kifahari wakifunga mabegi kwa sababu hawakuuliza la pili mapema.

Hatua ya 1: Fanya kazi hotelini hapo hapo Dodoma

Bunge la Bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, na hoteli za mjini hujaa wabunge, watumishi wa wizara na wageni wao. Ndipo vibarua hutafutwa. Peleka barua yako Machi, usisubiri watu wajae. Na usichague idara: usafi wa vyumba, kuosha vyombo, kubeba trei, vyote chukua. Chuoni utaulizwa kwa nini umeamua kusomea hoteli, na jibu la aliyewahi kumtuliza mgeni aliyekuta chumba chake kimepewa mtu mwingine halifanani na la aliyeziona hoteli kwenye picha. Ukiondoka, omba barua yenye tarehe, idara uliyofanya kazi na saini ya meneja.

Ukipata nafasi, tembelea mashamba ya zabibu na uone mvinyo unavyotengenezwa. Huko nje mvinyo ni somo zima, na mtu wa Dodoma ana cha kusema hata kabla ya kulisoma.

Hatua ya 2: Chagua nchi kwa sheria zake za kazi

Hapa ndipo pesa za wazazi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uingereza, ukimaliza shahada unaweza kuomba viza ya Graduate, ya kubaki na kufanya kazi, ya miaka miwili. Watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027 watapewa miezi 18. Ikiisha, mwajiri anayetaka kukudhamini upate viza ya kazi, kiwango cha kawaida cha mshahara anachotakiwa kukulipa ni pauni 41,700 kwa mwaka, na hata kile cha chini cha wahitimu wapya ni pauni 33,400. Mshahara wa mapokezi haufiki huko.

Kanada, tangu Novemba 1, 2024, stashahada za hoteli na utalii za vyuo vya kati kwa sehemu kubwa hazikupi tena kibali cha kazi baada ya masomo. Shahada ya kwanza bado inakupa. Ajenti anayekuuzia stashahada huku akikuahidi kibali, mwage.

Uswisi ndiyo yenye jina kubwa. Chuo cha Lausanne, leo EHL, kilianza mwaka 1893. Ada yake itakushtua, na mhitimu wa kutoka Afrika hupewa miezi sita tu ya kutafuta kazi.

Ujerumani kuna Ausbildung: miaka mitatu ya mafunzo, una mkataba na hoteli na unalipwa tangu mwezi wa kwanza, sehemu kubwa kazini na iliyobaki darasani. Shule ya serikali haikutozi ada. Bei yake ni lugha. Kwa kawaida utahitaji Kijerumani cha B1, yaani kiwango cha kati, na mtihani unafanyika Goethe-Institut Dar es Salaam. Kwa familia isiyo na ada mkononi, mimi naiona hii ndiyo njia ya maana kuliko zote, ingawa haina picha nzuri za joho.

Hatua ya 3: Kihoji chuo

Je, mazoezi ya kazi yana malipo? Nani anaitafuta hoteli, wewe au chuo? Ukijibiwa kwa mafumbo, tafuta kingine.

Hatua ya 4: Nyaraka

Panga majina kwanza. Cheti cha kuzaliwa, NIDA na cheti cha NECTA visiposomeka sawa, kamwone wakili kabla ya kuomba pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000. Kwa viza ya Uingereza, pesa za ada na za kujikimu zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, na utahitaji cheti cha kipimo cha kifua kikuu. Balozi nyingi bado ziko Dar, lakini tangu 2024 treni ya SGR imeifanya safari hiyo kuwa nyepesi.

Hatua ya 5: Ukishafika

Ukomo wa saa za kazi kwa mwanafunzi uheshimu. Uingereza ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo ya shahada. Ukipewa nafasi, omba shifti ya usiku mapokezi. Wengi huikimbia, lakini ndiko hesabu za siku hufungwa, na anayezijua hesabu huonekana haraka wakati wa kupandisha watu vyeo. Jifunze Opera, mfumo wa kompyuta unaotumika kwenye hoteli nyingi kubwa. Nafasi za mafunzo ya umeneja anza kuziomba mwaka mmoja kabla ya kuhitimu.

Na siku ukiamua kurudi, shahada yako ipeleke TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itambuliwe, pamoja na transkripti na nakala za pasipoti zenye mihuri ya viza, kwa hiyo pasipoti ya zamani usiitupe.