Filamu ndefu ya kwanza: familia moja, nyumba moja, maneno machache

Filamu tulivu huchosha pale mwandishi anapodhani utulivu ni kutotokea kitu. Kabla ya kugusa skripti, andika kwa kila mhusika mambo mawili: anataka nini kwa mwenzake, na lipi hathubutu kulitamka. Mama anataka kuuza nyumba, binti anataka ibaki; hapo hata kukunja nguo kuna mvutano. Sini (tukio moja mahali pamoja) ambayo hakuna anayetaka kitu ifutwe, hata kama imeandikwa vizuri.

Lenga kurasa 80 hadi 90. Ukurasa huhesabiwa kama dakika moja, lakini ukimya hudanganya: mstari "anakaa kitandani" unaweza kula dakika nzima. Isome skripti yote ukiwa na saa, vituo vikiwemo.

Wahusika wakuu wasizidi watano. Mkipiga picha za kurasa 4 kwa siku, kurasa 84 ni siku 21. Fuateni mpangilio wa hadithi kadiri ratiba inavyoruhusu. Mwigizaji anayepiga sini ya mwisho siku ya pili analazimika kukisia safari ambayo hajaipita.

Mabadiliko yaonekane kwenye vitu. Chukua kiti cha baba aliyefariki: mwanzoni hakiguswi, katikati kinarundikiwa nguo, mwishoni mtoto anakikalia bila kuwaza. Mtu yeyote akikitaja kwa maneno, umeiharibu.

Sauti ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu filamu yenye maneno machache haina pa kuficha mngurumo. Zimeni friji na feni (acheni funguo za gari ndani ya friji, hamtaondoka bila kuiwasha). Maikrofoni ya kwenye fimbo ndefu ikae karibu kabisa na ukingo wa fremu, yaani wa kile kamera inachokiona. Ile ya kubandika kifuani iwe akiba tu, maana hunasa mkwaruzo wa nguo. Kabla ya kupangua chumba, wote mnyamaze mlipo na mrekodi sekunde 60 za sauti ya chumba chenyewe kikiwa kimya. Bila hizo, kila mkato wa mhariri utaacha shimo linalosikika.

Kwa kamera, mwongozaji asikimbilie kusema "kata". Ahesabu sekunde kumi baada ya neno la mwisho. Uso huanza kusema ukweli hapo. Shoti za karibu wekeni akiba. Zikijaa tangu dakika ya tano, uso hauna tena uzito unapohitajika.

Mkato wa kwanza, yaani filamu nzima ilivyounganishwa mara ya kwanza, karibu kila mara huwa mrefu mno. Anza kupunguza kwenye mlango wa sini: watu wakiingia, wakisalimiana, wakiketi. Muziki usiwekwe mpaka mkato usimame wenyewe, kwani huficha sini dhaifu. Kisha waonyeshe watu watano wasiojua hadithi. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize nani alibadilika, na ni wapi walipoliona hilo. Kila mmoja akitaja mahali tofauti kabisa, rudi kwenye picha ulizoziacha kabla hujafikiria kuongeza mazungumzo.