Mbwa Anayechechemea: Namna ya Kumhudumia Bila Kumuumiza Zaidi

Kabla ya kumgusa, mtazame akitembea polepole mahali tambarare. Kama mguu wa mbele ndio unaouma, kichwa huinuka kila anapoukanyagia na kushuka anapokanyagia ule mzima. Asiyeangalia hilo mara nyingi huishia kupapasa mguu usio wenyewe.

Hata mbwa mpole huuma akitoneshwa. Chukua ukanda wa kitambaa wa kama mita 1, uzungushe mdomoni, funga fundo kwa juu, pishanisha ncha chini ya kidevu, kisha zifunge nyuma ya masikio kwa fundo la kufunguka haraka. Usimfunge mwenye pua fupi, anayetapika au anayehema kwa shida.

Anzia kwenye unyayo. Tanua vidole kimoja kimoja utafute mwiba, kupe, kigae, ukucha uliopasuka au ngozi iliyochanika. Panda taratibu hadi juu ukilinganisha joto na uvimbe na mguu wa pili. Akishtuka, umeshapajua, usipabonyeze tena kuhakikisha.

Mwiba unaoonekana uvute kwa kibano, kufuata njia ulioingilia. Uliozama kabisa mwachie daktari. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko 1 cha chai cha chumvi. Spiriti weka kando, inaunguza nyama inayojaribu kupona. Ukucha ukivuja damu, bana kwa kitambaa safi dakika 5 hadi 10 bila kuchungulia, kwani kila ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda.

Bendeji ndiyo inayoharibu miguu mingi, maana iliyokazwa huzuia damu kupita. Acha ncha za vidole viwili vya kati zionekane, uzikague asubuhi na jioni. Zikivimba, zikiwa za baridi au zikiachana, fungua papo hapo. Ikilowa, badilisha. Vijiti vya kunyoosha mfupa usijaribu nyumbani. Vikikaa vibaya huzidisha mvunjiko.

Kwa uvimbe mpya, funga barafu kwenye taulo, uiweke dakika 10 hadi 15, mara 3 kwa siku, kwa siku 2 za mwanzo. Hakuna kukimbia wala kupanda ngazi; haja atoke kwa kamba na kurudi.

Dawa za maumivu za watu, hasa ibuprofeni na diklofenaki, usimpe hata kipande: huchimba vidonda tumboni na kuua figo. Hata ya mbwa wa jirani inategemea uzito na hali ya mgonjwa.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo ikiwa hakanyagi kabisa, mguu umepinda, mfupa unaonekana, damu haikomi, au anaburuta miguu ya nyuma. Kuchechemea kidogo kusikopungua baada ya siku 2 za mapumziko nako kunahitaji daktari. Akipata nafuu, endelea na kamba siku kadhaa: maumivu huisha kabla ya kano kupona, na yeye atataka kukimbia asubuhi ileile.