Basi la Dar–Dodoma: kaa upande ambao jua halikufuati

Unapokata tiketi ya basi la asubuhi kwenda Dodoma, usiombe "dirishani" tu, taja na upande. Aprili hadi Septemba chukua upande wa mlango. Novemba hadi Februari, upande wa dereva. Ukirudi Dar, geuza. Barabara inaelekea magharibi karibu njia nzima, na katikati ya mwaka jua hupita kaskazini, yaani kulia kwako. Mwisho wa mwaka hupita kusini. Juni ndipo tofauti inapouma zaidi, maana hata saa sita mchana jua limeinamia upande mmoja. Mwanzoni mwa Machi na Oktoba linapita utosini, kaa popote. Kiyoyozi hakiondoi haja hii: kioo kikipigwa na jua, bega la dirishani linaungua tu. Pazia nalo mara nyingi ni moja kwa viti viwili, na wa mbele yako akitaka kutazama nje, umekwisha.

Usitegemee herufi ya kiti. Kuna mabasi ambayo A iko kwa dereva na mengine iko mlangoni, kwa hiyo mwambie wakala "upande wa mlango" au "wa dereva", kisha mwombe akuonyeshe mchoro wa viti.

Safari ya Arusha haifuati kanuni hii moja kwa moja. Chalinze hadi Segera unaelekea kaskazini, na asubuhi jua liko upande wa dereva mwaka mzima. Basi la usiku, chagua unavyotaka.