Somo: Kumwingiza mdudu katika riwaya ya kihistoria

Somo hili ni la mwandishi ambaye tayari ana kisa chenye mwaka na mahali, na anataka chawa, mbu, nzige au nyuki wafanye kazi ndani yake badala ya kuwa mapambo. Mdudu ana kalenda yake, saa zake na njia zake za kusafiri. Ukiziheshimu, atakusukumia kisa mbele. Ukizipuuza, msomaji mmoja anayejua atafunga kitabu.

Hatua ya 1: Funga mwaka, mwezi na saa

Kwa kila onyesho lenye mdudu, andika pembeni mwa mswada mambo manne: mwaka, mwezi, saa, na mahali penyewe (chumba cha udongo, tumbo la meli, ukingo wa mto). Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Mhusika akiumwa na mbu sokoni mchana kweupe, huyo ni mbu mwingine, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, na ugonjwa wake ni homa ya manjano au dengue. Mbung'o naye ni wa mchana, tena hufuata kinachotembea, kwa hiyo msafara ulio njiani huumwa kuliko uliopumzika. Kumbikumbi husubiri mvua. Usiwatoe kiangazi kwa sababu tu sura inahitaji mabawa yakianguka kando ya taa.

Hatua ya 2: Hakikisha alikuwa amefika

Wadudu wengi tunaodhani ni wenyeji wa mahali fulani ni wageni. Tekenya, yule kiroboto anayejichimbia vidoleni, asili yake ni Amerika. Mwaka 1872 alifika pwani ya Angola kwa meli iliyotoka Brazili na mchanga wa farumi (uzito wa kuituliza meli), kisha akavuka bara zima na misafara hadi pwani ya mashariki katika miaka ya 1890. Mpagazi wa mwaka 1850 anayechechemea Tabora kwa sababu ya tekenya ni kosa. Wa mwaka 1895 ana kila haki ya kuchechemea, na unaweza kumwonyesha kwa karibu: kidoti cheusi kando ya ukucha, kimezungukwa na uvimbe mweupe unaokua ndani ya wiki moja hadi kufikia ukubwa wa punje ya choroko, na mwenzake anautoboa kwa mwiba akijitahidi asiupasue.

Vivyo hivyo, nyuki wa asali wa Ulaya walipelekwa Virginia mwaka 1622. Mzinga wao katika Amerika Kaskazini kabla ya hapo ufute.

Hatua ya 3: Jifunze mwenendo wa mdudu mmoja mpaka uuzoee

Chagua mmoja na umjue vizuri, badala ya kutaja kumi kwa mkupuo. Nitamtumia chawa wa mwili, kwa kuwa ndiye anayekosewa zaidi katika visa vya vita, magereza na meli.

Huyu haishi kichwani. Anaishi katika nguo, hasa kwenye mishono ya kwapa, kola na kiuno, na huko ndiko anakotaga. Hushuka kwenye ngozi kunyonya mara kadhaa kwa siku, kisha hurudi. Mayai huanguliwa baada ya takriban wiki moja. Akikosa mwili, hufa ndani ya siku chache. Tena, hapendi mwili wenye homa kali wala maiti inayopoa: huhama kwenda kwa jirani. Hapo ndipo penye kisa chako. Askari waliolala wakibanana wapate joto, mmoja akafa usiku, na kufikia asubuhi mishono ya koti la mwenzake imejaa.

Homa ya chawa haiingii kwa kuumwa hasa, bali kwa kinyesi cha chawa mwenye ugonjwa kinachosuguliwa ndani ya mikwaruzo mtu anapojikuna. Mgonjwa huanza kuugua baada ya wiki moja hadi mbili. Kosa la kawaida ni kuwanyoa wahusika vichwa na ugonjwa ukakoma. Kunyoa hakumfikii chawa wa mwili. Kinachomwangamiza ni kuchemsha nguo, au kuzivua na kuziacha bila mtu.

Hatua ya 4: Pima anachojua mhusika, si unachojua wewe

Weka tarehe hizi karibu:

- 1668: Francesco Redi, Italia, alionyesha kwamba mabuu ya nyamani hutoka kwa nzi. Aliweka nyama katika vyombo vilivyo wazi na vilivyofunikwa. Iliyofunikwa haikupata mabuu.
- 1895: David Bruce alihusisha mbung'o na nagana ya mifugo huko Zululand.
- 1897: Ronald Ross, India, aliona kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu.
- 1898: Paul-Louis Simond alihusisha viroboto wa panya na tauni.
- 1909: Charles Nicolle, Tunis, alihusisha chawa na homa yao.

Daktari wa mwaka 1860 anayeonya juu ya mbu wa malaria anavunja karne. Atazungumzia hewa mbaya ya vinamasi, atafunga madirisha jioni, na huenda akampunguzia mgonjwa mbu bila kujua. Acha ukweli uwe mkononi mwa mhusika kabla haujafika mdomoni mwake.

Lakini usimfanye kila mtu wa kale kuwa mjinga. Wafugaji wa Afrika walijua mapori ya mbung'o na waliyavuka na ng'ombe usiku, miaka mingi kabla ya maabara yoyote. Ujuzi wa kazi hutangulia maelezo ya kitaalamu, na riwaya nzuri hukaa katika pengo hilo.

Hatua ya 5: Hesabu siku kwa kurudi nyuma

Tuseme unataka mtu afe kwa malaria tarehe 20 Mei, na kaka yake ndiye chanzo. Mbu akishamnyonya kaka, anahitaji takriban siku 10 hadi 14 za joto kabla ya kuweza kuambukiza. Aliyeumwa naye huugua baada ya wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo kaka awe amefika na homa yake mapema Aprili. Akifika tarehe 17 Mei, si yeye aliyeleta.

Hatua ya 6: Pitia mswada na upunguze

Katika kila onyesho bakiza mdudu mmoja mwenye kitendo, na uondoe waliotajwa kwa jina tu. Futa pia maneno ya maabara kama "virusi" na "bakteria" kinywani mwa msimulizi anayeishi ndani ya kipindi.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina sura ya nzige wa jangwani wanaoshuka kijijini usiku wa manane. Inafaa?

Jibu: Marahaba. Isogeze. Kundi huruka mchana, kwa kufuata upepo, na hutua kabla ya giza. Alfajiri nzige huwa wazito kwa baridi, nao huota jua kwanza ndipo waruke, kwa hiyo saa ya kuwaokota kwa magunia ni kabla jua halijapanda. Angalia na rangi: wa waridi ni wachanga, wa njano wamekomaa na wako tayari kutaga. Wakitaga kwako, mayai yakipata joto huanguliwa baada ya takriban wiki mbili, na tunutu wasio na mabawa huandamana ardhini wakila kwa wiki kadhaa. Msiba huo wa pili waandishi wengi huusahau.

Swali: Naomba kuuliza, kunguni wanaweza kuambukiza homa wasafiri waliolala katika kibanda kikuukuu? Ni mwaka 1900.

Jibu: Kunguni watawanyima usingizi, ila hawajulikani kwa kueneza homa. Mtumie papasi. Hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hushiba kwa chini ya saa moja na kurudi ufani. Hukaa muda mrefu sana bila chakula, hivyo kibanda kilichohamwa si salama. Homa yake hushika siku chache, huachia karibu wiki, kisha hurudi, jambo zuri kwa msuko: mgonjwa anadhani amepona, anaanza safari, inamwangusha njiani. Joseph Dutton, aliyekuwa akiichunguza, alikufa kwayo Kongo mwaka 1905.

Swali: Mpelelezi wangu yuko China ya karne ya 13. Anaweza kutumia nzi?

Jibu: Anaweza. Song Ci aliandika mwaka 1247 kuhusu mauaji ya mundu: wanakijiji waliamriwa kuweka miundu yao chini, na nzi wakajaa kwenye mmoja tu, uliokuwa na mabaki ya damu yasiyoonekana. Fanya hivyo mchana, wakati wa joto. Usiku au kwenye baridi kali nzi hawatakuja.

Swali: Siafu wanaweza kumuua mtu mzima?

Jibu: Mwenye miguu huru atawakimbia. Aliyefungwa, mgonjwa asiyejiweza au mtoto mchanga yuko hatarini, na kuku waliofungiwa bandani pia.