Namna ninavyofundisha watoto kulinganisha kima na uyoga

Mvua za Septemba zikianza hapa Goma, nawapa wanafunzi wangu wa darasa la sita kazi moja: linganisheni kima wa dhahabu na uyoga wa shela, ule unaovaa wavu mweupe kama bibi arusi. "Mwalimu, ule wenye kunuka?" Ndiyo, ule ule.

Ukitaka kujaribu na wako nyumbani, usianze na mkia wala rangi. Mwaka wa kwanza nilifanya hivyo: tukajaza ubao mzima "ana miguu", "hauna miguu", mpaka kengele ikalia. Kazi bure.

Anza na swali hili: ukikiondoa, kinabaki nini? Kima ukimuua, ameondoka mzima. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, na karibu kima wote wa aina hii duniani wanaishi kwenye volkano za Virunga, upande wetu wa Kongo, Rwanda na Uganda, wakila majani na machipukizi ya mianzi. Uyoga ukiuchuma, umechuma tunda. Mwili wake ni nyuzi nyembamba zilizobaki udongoni. Waambie: umekula embe, mti bado uko.

Halafu uliza: na msitu ukikatwa? Hapa usiwe na haraka. Mwaka jana mtoto wa muuza makaa aliandika kwamba uyoga utafurahi, maana visiki vitaoza na utapata chakula. Nilikosa la kujibu, kwa sababu kweli uyoga huu hula vilivyooza. Basi tukalowesha vitambaa viwili, kimoja juu ya mawe meusi ya lava juani, kingine chini ya mti wa avoka. Mapumziko yalipoisha, cha juani kilikuwa kikavu kabisa, kama udongo wa msitu usio na miti. Akafuta alichoandika mwenyewe.

Muda pia una maana. Shela hufunguka kwa saa chache, na kesho yake imelegea. Harufu ile huita nzi, nao wanabeba mbegu zake. Mtoto wa kima hushikilia tumbo la mama yake miezi kadhaa.

Tumia picha tu. Mimi niliuleta uyoga wenyewe mara moja, ndani ya mfuko. Ulifika umekuwa uji, nzi wakajaa, na mkuu wa shule akafungua madirisha yote bila kuniuliza kitu.