Matukio ya chuo: namna ya kuyakuta mapema, kuchagua machache na kutoka na kitu mkononi

Mwaka wangu wa kwanza wote habari za matukio ya chuo nilikua nazipata kwenye mabango, na bango mara nyingi unakuja kulisoma shughuli yenyewe imeshapita juzi. Maonyesho ya ajira nikayakosa, mhadhara niliokua nautaka kweli nikaukosa, na mwisho wa semista nikawa nawajua watu wa darasani kwangu tu. Mwaka wa pili nilibadilisha utaratibu na ndio huo naandika hapa, maana naona wadogo zangu wengi wanapita njia ileile.

Anza na kalenda. Chagua siku moja ya wiki, mi natumia jumapili jioni, dakika ishirini zinatosha, unapitia kalenda ya chuo, barua pepe za chuo (zile tunazozifuta bila kuzifungua), ubao wa idara yako na ubao wa idara za jirani pia, halafu magrupu ya klabu. Kila unalolitaka liingize kwenye simu saahiyohiyo, usipige skrinshoti ukasema ntaangalia baadae, skrinshoti zinazikwa huko kwenye picha hutaziona tena. Na weka alamu mbili: moja ya siku yenyewe na nyingine ya dedilaini ya kujisajili, coz usajili mara nyingi unafungwa siku kadhaa kabla. Angalia pia saa imeandikwaje. "Saa 10" ya kizungu asubuhi ni saa nne yetu, na "saa 10" ya kiswahili ni jioni, nimeona watu wanafika ukumbi umeshafungwa kwa ajili hii tu. Kama tukio ni la mtandaoni na waandaaji wako nchi nyingine tafuta wameandika saa za wapi, wengi wanatumia UTC (saa ya pamoja ya dunia nzima), ibadilishe iwe saa za kwetu kabla ya kuweka alamu.

Sasa usiende kila kitu. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu mtu akishagundua kalenda anataka ajaze, wiki ya tatu amechoka na asaimenti zimelala. Matatu kwa mwezi yanatosha kabisa: moja la kazi, moja la taaluma na moja la jamii, na la taaluma bora liwe nje kidogo ya kozi yako.

Tuje kwenye maonyesho ya ajira, hapa ntakaa kidogo maana ndipo watu wanapopoteza nafasi nyingi. Wengi wanaingia, wanazunguka mabanda yote, wanakusanya kalamu na vipeperushi, wanatoka. Waandaaji huwa wanatoa orodha ya waajiri mapema, itafute, chagua wanne au watano tu, soma wanafanya nini na wametangaza nafasi gani karibuni. CV ukurasa mmoja, chapisha nakala chache na uwe nayo kwenye simu kama PDF yenye jina lako, sio "cv mpya final 3". Jiandae kujieleza kwa nusu dakika: jina, unasoma nini mwaka wa ngapi, kitu kimoja ulichokifanya kwa mikono yako, na unatafuta nini. Jizoeze kwa sauti, kichwani kila kitu huwa kinasikika vizuri.

Nenda mapema, lisaa la kwanza tu maonyesho yakifunguliwa. Mchana wale maafisa wameshaongea na watu mia, sauti zimekauka, hata ukiwa mzuri vipi unapata majibu ya mkato. Ila usianzie banda unalolitaka sana, anzia lile la nne kwenye listi yako, mdomo ufunguke kwanza. Na swali la "kampuni yenu inashughulika na nini" liache nyumbani, jibu lake liko kwenye tovuti yao. Uliza hivi: mtu aliyeanza kwenu mwaka jana, miezi mitatu ya mwanzo alikua anafanya kazi gani hasa? Swali hili linamtoa mtu kwenye maneno aliyokariri, anaanza kukueleza kazi ilivyo, na we unajua kama unaitaka au huitaki.

Ukitoka bandani kaa pembeni dakika mbili uandike umeongea na nani na amesema nini. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kumbukumbu, matokeo akayatoa 1885, na akakuta sehemu kubwa ya alichokariri inapotea ndani ya siku ya kwanza. Wewe umeongea na watu watano kwenye kelele, jioni watakua wamechanganyikana wote. Halafu ndani ya siku moja mwandikie kila mmoja, mistari minne tu: "Habari za kazi, mimi ni fulani, jana tuliongea kwenye maonyesho kuhusu jambo fulani. Ulinishauri nisome kitu fulani, nimeanza leo. Naambatanisha CV yangu, na nafasi za fildi zikifunguliwa ntashukuru kufahamishwa." Basi. Usiombe kazi kwenye ujumbe wa kwanza.

Na we wa mwaka wa kwanza usiseme bado mapema, waajiri wakubwa wengi wanafunga maombi ya intanishipu miezi mingi kabla ya intanishipu yenyewe kuanza.

Kwanini nasisitiza watu usiowajua vizuri? Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha utafiti wake kwa watu waliokua wametoka kubadilisha kazi. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, ni asilimia 16.7 tu walisema mtu huyo walikua wanaonana nae mara kwa mara, asilimia 55.6 walikua wanaonana mara mojamoja na 27.8 kwa nadra sana. Rafiki yako wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe, habari mpya inatoka kwa mtu wa mbali kidogo. Ndio maana mi naona matukio ya chuo yana thamani hata kama ukumbini hujasikia jambo jipya.

Upande wa taaluma, tafuta shindano la kueleza tasnifu kwa dakika tatu kama chuo chenu kinalo. Lilianzia Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia mwaka 2008, mtafiti anapewa slaidi moja isiyosogea na dakika tatu, akizidisha anatolewa. Kaa usikilize sentensi ya kwanza ya kila mmoja, utajifunza namna ya kuanza prezentesheni kuliko warsha nzima. Utetezi wa tasnifu nao vyuo vingi huwa wazi kwa wanafunzi, ulizia idarani, ukiona jinsi maswali yanavyoulizwa hutaogopa siku yako. Kwenye mhadhara wa wazi soma muhtasari kabla, nenda na swali moja, na ukipewa maiki uliza hilo swali tu bila hotuba ya utangulizi. Ukiona aibu subiri mwisho umfate mzungumzaji, wengi wanabaki dakika kumi hivi na wanafurahi mtu akija na jambo la maana.

La jamii. Kama ni kuchangia damu, kula vizuri na kunywa maji ya kutosha kabla, lala usingizi, na ujibu fomu ya afya kwa ukweli wote kwa sababu damu hiyo inaenda kwa mgonjwa. Kwa kawaida wanachukua kama mililita 450 hivi. Usipange siku ya mtihani wala mechi. Kila mwaka tarehe 14 Juni ni siku ya wachangia damu duniani, siku aliyozaliwa Karl Landsteiner aliyegundua makundi ya damu, kwahiyo mwezi huo kampeni huwa nyingi.

Na kuna njia moja watu wanaidharau: jitolee kuandaa. Omba hasa meza ya usajili. Mi nilikaa kwenye meza hiyo siku moja tu kwenye kongamano dogo la idara, kila mgeni akawa lazima apite kwangu, nikamsaidia mama mmoja ambaye jina lake halikua kwenye listi, nikamtafutia kiti, tukaongea kama dakika tano. Miezi minne baadae nilipokua nahangaika na fildi nilimwandikia, alikua bado ananikumbuka na ndiye aliyenielekeza pa kupeleka barua.

Kitu cha mwisho, ukijisajili halafu ukaona huwezi kwenda, ingia ufute jina lako mapema. Kuna mtu yuko kwenye listi ya kusubiri anakitaka hicho kiti.